Muulize Dalali: Kilo Nne za Wiki ya Kwanza

*Mjomba Dalali, nimeacha ugali, chapati na soda. Wiki ya kwanza nilipungua kilo 4, nikawatangazia hadi wanakwaya. Wiki ya pili robo kilo. Wiki ya tatu nimeongezeka. Nimekosea wapi? Ni mimi Niliyekwama, Ogwedhi.*

Umeniandikia mimi ukamwacha daktari, na hapo umeonyesha akili. Daktari alisoma kwenye vitabu. Mimi nimesimama kwenye soko la ng'ombe la Ogwedhi miaka 31, mavi ya fahali viatuni na fimbo kwapani, nikitaja kilo za mnyama kwa jicho tupu. Kuna fahali mwekundu aliyetoka upande wa Transmara, nikamkadiria kilo 312. Mchinjaji akabisha. Tukampandisha kwenye mizani, ikasema 314. Zile mbili zilikuwa tope la kwatoni na msimamo wangu haujabadilika. Fahali yule anazungumzwa hadi leo, hasa na mimi.

Ulikuwa unauliza nini? Ehe, kilo 4.

Mswage ng'ombe wa kilo 300 kutoka Transmara mchana kutwa, bila majani wala maji, atafika hapa akiwa na 280 na ushee. Zile zilizopotea ni nyama? Ingekuwa nyama, barabara yote ingejaa fisi. Ni maji na kile kilichokuwa tumboni. Mlaze karibu na mto, mpe nyasi, keshokutwa zimerudi zote. Mtoto anayeshika kamba analijua hili. Wapo hata madalali, simtaji mtu, wanaomlambisha ng'ombe chumvi usiku wa kuamkia soko. Asubuhi anakunywa debe mbili kwa kiu, na hizo ni kilo 40 za maji anazouziwa mchinjaji kwa bei ya nyama. Mimi sijawahi kufanya hivyo. Nimewahi kusimama karibu tu.

Sasa jiangalie wewe. Binadamu huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, yapata nusu kilo kwa mtu mzima. Wasomi huiita glaikojeni. Kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu 3 hivi za maji. Ulipoacha ugali, mwili ulianza kula akiba hiyo, na maji yake yakatoka nayo: hizo ni kilo 2. Wanga ukipungua insulini hushuka, na figo huanza kumwaga chumvi, na chumvi haitoki bila maji. Ongeza kwamba tumbo lililokuwa likibeba mlima wa ugali kila jioni sasa linabeba sukumawiki na omena. Umeona? Kwaya imepigia makofi mkojo.

Mafuta ni hesabu nyingine, na hesabu ndiyo ninayoijua. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini ina kilokalori 7,700 hivi. Mtu wa kawaida hutumia 2,000 na kitu kwa siku. Kilo 4 ni 30,800. Hata ungefunga mdomo kwa kufuli, ungehitaji wiki mbili hivi kuzimaliza, na wewe unazungumzia siku 7, tena ukiwa unakula.

Na ile wiki ya tatu. Nakuuliza bila kukutazama usoni: Jumamosi ile hakukuwa na matanga? Ugali wa sufuria la kusongwa na watu wawili, nyama, mchuzi wa chumvi nyingi? Basi ghala limejazwa tena, maji yamerudi na kilo zake. Hujanenepa. Umeloa.

Mimi mwenyewe niliwahi kupungua kilo 3 kwa wiki moja. Nilijipima kwa yule kijana wa mizani ya shilingi kumi, nikatembea stendi ya Migori nimelifungua koti ili watu waone. Kwa nini nilipungua ni jambo la familia. Haya, nitasema: mama watoto alikwenda kwao siku 7, na mimi katika kupika naweza kuchemsha maji, tena si kila mara. Aliporudi nikala kuon, yaani ugali, na mbuta mara mbili, nyanya zikielea, na kufikia Jumatano koti lilikuwa halifungi. Kijana wa mizani akanidai shilingi kumi nyingine ili aniambie nilichokwisha kujua.

Mwenye heshima katika mambo haya ni mzungu mmoja, William Banting, aliyeendesha biashara ya mazishi London. Mzee wa majeneza, mnene kiasi kwamba alishuka ngazi kinyumenyume. Mwaka 1863 alichapa kijitabu akieleza alivyoacha mkate, sukari, bia na viazi. Kwa mwaka mzima alipunguza ratili 46, yaani kilo 21 hivi. Gawanya kwa wiki 52: haifiki hata nusu kilo kwa wiki. Na kwa hiyo nusu kilo wazungu waligeuza jina lake kuwa neno la kujinyima chakula. Mimi, mwenye fahali wa 314, sina hata kichochoro chenye jina langu.

Dawa. Ya kwanza, nunua ndama, umtembeze kila asubuhi hadi njia ya Kilgoris na kurudi. Akiwa fahali, wewe utakuwa umekonda na una mali, na dalali unamjua. Ya pili, mizani uipe likizo. Ng'ombe mwenyewe, mizani ikikosekana, tunamzungushia utepe kifuani. Zungushia wako kiunoni mara moja kwa mwezi, kamba haidanganywi na glasi ya maji. Ya tatu, usije ukaacha kula kabisa kwa kuzitafuta tena zile kilo 4. Anayekonda mbio hula misuli yake, na nyongo inaweza kuota vijiwe. Nyongo nazifahamu, nimeziona nyingi machinjioni. Ugali rudisha kipande cha ngumi yako, si ya shemeji yako. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo halali, hata kilo moja. Endelea.

*Mjomba, mume wangu hajaacha chakula chochote, lakini suruali zinamdondoka. Mashemeji wananong'ona kuwa ni chira. Ni mimi Mwenye Mashaka, upande wa Homa Bay.*

Nilikuwa na hadithi ya mtamba mmoja hapa, lakini nitaiweka.

Chira ni neno la wazee: mtu amevunja mwiko, anakonda hadi afe. Nimelisikia likinong'onwa juu ya watu ambao dawa ingewaponya. Ng'ambo ya ziwa, Rakai huko Uganda, watu waliuita ugonjwa mpya Slim kwa sababu ya huko kukonda, na mwaka 1985 madaktari wakauandika kwa jina hilohilo katika jarida la The Lancet. Ulikuwa UKIMWI, na wakati huo haukuwa na dawa. Leo anayeanza ARV mapema na kuzimeza kila siku huzeeka akigombana na wajukuu.

Na huenda si huo. Kama anakohoa wiki mbili na kulowa jasho usiku, hospitalini wampime kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali. Kama anamaliza jagi la maji na kuamka kukojoa mara nne, wampime sukari. Akikonda bila kujinyima, jicho langu halifai kitu, na hilo silisemi kila siku.

Lori limefika, wananiita. Mama, usingoje kikao cha mashemeji. Mpeleke hospitali Jumatatu, mapema, foleni ikiwa bado ndani ya geti.