Mimi Si Mdhamini wa Mtu

Niseme mapema tusichoshane: sijakopa. Sidaiwi na benki, sidaiwi na chama, na hata Okoa Jahazi nimeikataa, kwa sababu salio la simu likiisha mimi hupumzika. Lakini kila asubuhi, mahamri bado ya moto mezani, simu inalia, na kijana mwenye sauti ya ukali wa kujifunza ananiuliza nitalipa lini.

Anayedaiwa ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Yuko Nairobi anatafuta kazi, na akichoka kutafuta kazi anatafuta kodi ya nyumba. Siku alipoweka programu ya mikopo kwenye simu, iliomba ruhusa ya kuona alipo, ya kusoma jumbe zake, na ya kuchukua majina yote aliyoyahifadhi. Akabonyeza kubali, kubali, kubali, maana vijana hawasomi kitu kirefu kuliko mkeka wa mpira. Basi mimi, fundi wake wa friji, mwalimu wake wa madrasa na binti mmoja waliyeachana naye kwa maneno makali tukajikuta kamati ya deni lake.

"Mzee, huyu unamjua?"

"Nilimuadhinia sikioni alipozaliwa."

"Mwambie alipe kabla ya saa sita."

"Asipolipa?"

"Utaona."

Nilikaa barazani nikangoja kuona. Ilipofika saa saba nilichokiona ni simu nyingine, safari hii ya binti, mkali kuliko mwenzake.

Simu hizi zimekatazwa. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zinamzuia mkopeshaji wa mitandaoni kuwapigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa bila ridhaa, na kutukana na kutisha pia hakuruhusiwi. Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliipiga kampuni ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwasumbua. Haya yote nilimsomea yule kijana, taratibu, na miwani yangu usoni. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Sawa mzee. Sasa alipe, halafu hayo tutayasoma."

Aliyeumia zaidi ni mwalimu wa madrasa. Kwetu deni la mtu hutangazwa mbele ya jeneza: aliyekuwa akimdai marehemu ajitokeze, aonane na jamaa zake. Kwa hiyo mwalimu alipopigiwa na mtu asiyemjua, akaulizwa kama anajua kwamba mwanafunzi wake wa zamani ana deni, alisema inna lillahi, akavaa kanzu, akaja kwangu kuuliza maziko ni saa ngapi. Ilinichukua vikombe viwili vya kahawa kumshawishi kwamba marehemu yu hai na anapatikana kwenye WhatsApp. Mwalimu hakufurahi sana. Alikuwa ameshamwombea.

Nilijaribu kufuatilia deni lenyewe lilivyokua. Safaricom na benki ya CBA walipozindua M-Shwari Novemba 2012, mkopo ulikuwa wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Ukiisikia hivyo ni kitu kidogo, mtu anaweza kukitoa na chenji ya matatu. Izidishe mara kumi na mbili, kwa yule anayelipa leo na kukopa tena jioni, ufike asilimia 90 kwa mwaka. Mpwa wangu hakuizidisha. Yeye alikuwa anajenga limiti. Anakopa mia tano asiyoihitaji, anairudisha kesho yake, wanamsifu kwa ujumbe wenye picha ya fataki, wanampandishia kiwango. Halafu wakaja wengine na wengine, kila mmoja na fataki zake, hadi akaaminiwa pesa ambazo mimi, niliyemlea, nisingemwachia mkononi hata kwa kupeleka dukani.

Novemba 30, 2022 serikali nayo ikaingia na Hustler Fund: kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, asilimia 8 kwa mwaka, ulipe kwa siku 14. Hapo kwa riba sina neno, ni nafuu kabisa. Lakini biashara gani, jamani, inazaa ndani ya siku 14? Hata kuku hulalia mayai yake siku 21. Mpwa wangu alichukua za serikali akawalipa wa programu, akachukua za programu nyingine akailipa serikali, na kwa muda wa miezi michache akawa na shughuli nyingi kama mhasibu wa bandari.

Nasikia vijana wa Marekani huzama kwa kadi za mkopo. Wana bahati. Kadi unaikata kwa mkasi ukalala. Simu ya mpwa wangu ndiyo anayotafutia kazi, ndiyo anayoongelea na mamake, na yenyewe ameichukua kwa malipo ya kila siku. Akikosa kulipa inajifunga, na hapo wadai wake wanashindwa kumpata, wananipata mimi.

Na usifikiri utamsaidia kirahisi. Nilimtumia elfu moja ya chakula. Ilipoingia tu kwenye simu ikamezwa na deni la zile pesa ambazo simu humkopesha mtu kumalizia malipo salio likipungua, akabaki na ujumbe wa shukrani. Siku hizi namtumia kupitia mama mboga wa mtaani kwake. Mama mboga naye anakata kwanza la kwake.

Kazi karibu aipate. Usaili ulikwenda vizuri, wakampa orodha ya karatasi: ya polisi, ya KRA, ya HELB, ya EACC, na cheti cha CRB cha kuonyesha kwamba hana mkopo aliokosa kulipa. Tangu Aprili 2020 huwezi kuorodheshwa CRB kwa deni lililo chini ya shilingi 1,000, na namshukuru aliyefikiria hilo, ila mpwa wangu alikuwa ameupita huo mstari zamani. Kwa hiyo ili apate kazi ya kulipia deni, alipe deni kwanza. Nilimuuliza aliyekuwa akinipigia asubuhi hiyo kama wanaweza kumwachia cheti kwa mkopo. Akakata simu. Ni mara ya pekee wao kunikatia mimi.

Juzi mpwa wangu akanipigia mwenyewe.

"Shikamoo mjomba. Nataka kufilisika."

"Marahaba. Mimi nilidhani tayari."

"La, rasmi mjomba. Kisheria. Nimeona kwenye TikTok."

Nikamtafutia Sheria ya Ufilisi ya 2015, kwa kuwa ndani ya nyumba hii anayesoma ni mimi. Ukitangazwa mufilisi, mali yako inashikwa na msimamizi, na miaka mitatu baada ya kuwasilisha maelezo ya mali na madeni yako unaachiliwa. Kwa mujibu wa Katiba, kabla hujaachiliwa huwezi kugombea ubunge. Niliposoma hapo alinyamaza kidogo, nikaogopa kwamba alikuwa na mpango.

Lakini kuna njia nyingine, nikamwambia, imewekwa kwa ajili ya asiye na mali ya kuuzwa. Wewe una godoro, mtungi wa gesi na simu ya kujifunga. Ukikubaliwa unakaa miezi kumi na miwili, kisha madeni yanafutwa. Akashangilia hadi nikasikia majirani wake wakigonga ukuta. Nikamwambia ngoja, kuna sharti: madeni yote kwa pamoja yasizidi shilingi 4,000,000.

"Mjomba, mimi nadaiwa elfu sitini na mbili!"

"Na yasipungue laki moja."

Kimya. Yaani mtoto wa dada yangu ni fukara mno hata kwa kufilisika. Aliyekopa milioni tatu akazitafuna, sheria inamkaribisha kiti. Huyu wa elfu sitini na mbili aendelee kupigiwa mjomba wake simu. Nilikuwa natafuta maneno ya kumliwaza, nikasikia upande wa pili vidole vinagonga kikokotoo.

"Mjomba, imebaki elfu thelathini na nane tu nifike. Kuna programu mbili sijazigusa."

"Sheria imeshakuona. Ukikopa huku unajua huna uwezo wa kulipa, hukubaliwi."

"Sasa hizi za kwanza, mjomba, nilizikopa nikiwa na uwezo gani?"