Goti la Jirani na Chupa za Stockholm

Dada yangu anaishi Stockholm, mji ambao jua la Desemba huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kabla ya saa tisa alasiri limeshazama. Yeye kumeza vitamini D ni haki yake. Balaa ni kwamba kila msafiri anayekuja Tanga hubebeshwa chupa za Mama, huku sisi tukigombea kivuli cha mwembe.

Kidonge kimoja kilikuwa na yuniti 2,000. Mtu mzima anahitaji 600 kwa siku, au 800 akishapita miaka 70, na haifai kuzidi 4,000 bila daktari. Mama alikuwa na hesabu yake: dawa ya Ulaya, cha kwanza ni cha kuonja tu.

Kisha zikaja chupa za kalsiamu. Bibi alikigeuzageuza kidonge mkononi, akauliza, "Hiki cha kumeza au cha kusugulia miguu?"

Baraza letu likageuka zahanati. Mwenye goti viwili, mwenye kiuno vitatu, mwenye vyote viwili ajisevie. Wiki haikwisha, matumbo yakafunga na mapapai yakaadimika mtaa mzima.

Mama akaenda duka la dawa, chupa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee, hii 1,250 ni nini?"

Kijana akaeleza kwamba huo ni uzito wa kalsiamu kabonati nzima; kalsiamu yenyewe humo ni miligramu 500, na mwili haupokei vizuri zaidi ya hapo kwa mkupuo. Imezwe pamoja na chakula. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji 1,200 kwa siku, lakini maziwa na dagaa navyo vimo kwenye hesabu hiyo. Ukizidisha, unatafuta mawe ya figo.

"Na jua? Mimi na baibui na mwavuli, linanipatia wapi?"

Hapo kijana akakiri kwamba mama ana hoja, na kipimo cha damu ndicho kingesema kweli. Nilimpenda kwa kutomcheka.

Siku hizi anayekuja kulalamikia goti hupewa bakuli la dagaa, na amri ya kutafuna mpaka miiba. Juzi jirani mmoja alimaliza lake, akafuta mdomo, akauliza kwa sauti ya chini kama dada hawezi kutuma dagaa wa Ulaya.