Barua ya Wazi kwa Jopo la Usaili Lililotaka Kulijua Tumbo Langu

Kwa Waheshimiwa Wajumbe,

Nawashukuru kwa kunipokea katika ofisi yenu hapa Igoma, kando ya barabara ya Musoma, nilikokuja, kwa mujibu wa tangazo lenu, kuomba kazi ya karani wa ghala, yaani mtu wa kuhesabu magunia yanapoingia na yanapotoka, na ambako, kwa muda wote niliokaa mbele ya meza yenu, hamkunitajia gunia hata moja.

Mliniuliza nimeolewa lini. Mbona sijapata mtoto. Kama tatizo ni langu au la bwana. Kama tumekwenda hospitali ya Bugando kupima au tunangoja kudura. Na kama nikiajiriwa nitashika mimba kabla ya msimu wa pamba. Kabila na dini mliziuliza kwa haraka, mfano wa mpishi aliyekumbuka chumvi wali umekwisha kuiva, na kwa hayo naomba tu orodha ya makabila yanayotakiwa itundikwe mlangoni, wengine waokoe nauli ya daladala.

Ombi langu kuu ni hili. Kwa kuwa azma yenu ni kuujua uzazi wa kila mwanamke aombaye kazi, na kwa kuwa hakuna miongoni mwenu aliyeisomea elimu hiyo, nawasihi mumteue mkunga awe mjumbe kamili wa jopo, akae kuume kwa mwenyekiti, mbele yake pembe ya kusikilizia mimba na futi ya fundi cherehani, na nyuma yake kitanda chenye pazia, kwa sitara ya wajumbe wenye haya, iwapo wapo. Msailiwa aambatanishe, pamoja na vyeti vya shule, kalenda ya hedhi yake ya mwaka mzima, nakala 3, zilizogongwa muhuri wa wakili. Mama mkwe aitwe shahidi, aapishwe, aeleze kwa nini mjukuu amechelewa. Na mume, ijapokuwa hakuomba kazi, apewe kiti na chai, aulizwe mbele ya mhasibu zile habari ambazo hata kaka zake hawathubutu kumwuliza. Hatimaye mkunga atoe hati, isiyozidi ukurasa mmoja, ya kuthibitisha kwamba tumbo hili, kwa muda wote wa mkataba, halitadiriki kufanya lolote. Muda ukibaki, msailiwa aulizwe kujumlisha.

Chanzo cha maswali yenu nakijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, nanyi ni watu wa hesabu. Wanaume tuliokaa nao benchi, ambao sheria hiyo hiyo inawapa siku 3, walitoka wakicheka, wakisema wameulizwa habari za magunia. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kwa ajili ya jinsia, mimba, ndoa na majukumu ya familia, na kinamkinga hata mwombaji ambaye hajaajiriwa. Lakini haidhuru, sheria ni ndefu nanyi mna shughuli.

Dada aliyenitangulia kuingia alitoka ameziba uso kwa mtandio. Alikuwa amezika kichanga; akawaambia hivyo, nanyi mkamwuliza anakusudia kujaribu tena lini, na aliyeuliza alikuwa akitafuna karanga. Karanga! Nani aliwalea nyinyi? Mtu akiwatajia kaburi la mwanawe, hamwezi hata kumeza kwanza?

Niwieni radhi. Nimesahau nafasi yangu, nayo nasikia bado haijajazwa.

Kuhusu majibu, mliahidi kunijulisha kwa simu, na kwa hakika mmoja wenu amekwisha kunipigia, saa nne usiku, akaniuliza kama bwana yumo ndani. Yumo. Ndiye aliyenishikia taa nilipokuwa naandika barua hii, na angependa kujua kikao cha mkunga kitakuwa siku gani, aje na mama yake.

Wenu mtiifu,
Msailiwa, Igoma