Kasoro za Rangi ya Unga na Visingizio vya Mafundi

Rangi ya unga hupakwa kwenye vyuma vya pikipiki bila brashi na bila thina. Unga mkavu wa plastiki hupulizwa kwa bunduki inayoutia chaji ya umeme, ukanata kwenye chuma kilichofungwa waya wa ethi. Kisha chuma huingia tanurini, unga ukayeyuka, ukatambaa na kushikana kuwa ganda moja gumu lenye unene wa mikroni 60 hadi 80 hivi. Unga wa aina nyingi hutaka chuma chenyewe kifike nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi na kidumu hapo dakika 10 hadi 20. Ufundi huu ulianzia Ujerumani, ambako Erwin Gemmer aliomba hataza mwaka 1953 kwa njia ya kuchovya chuma cha moto ndani ya unga unaotibuliwa kwa hewa. Bunduki ya umeme ilikuja kushika soko katika miaka ya 1960.

Ukisimuliwa hivyo, utaona kazi ni nyepesi. Shida huanza pale fremu ya bodaboda inapoingia tanurini ikiwa imetulia, ikatoka na vishimo, mabaka na mikunjo. Hapo hutafutwa wa kulaumiwa. Mshtakiwa wa kwanza huwa ni unga, kwamba siku hizi wanaleta feki. Wa pili ni umeme uliokatika, wa tatu ni chuma chenyewe, na wa nne ni mteja aliyekuja kukaa kwenye benchi na kuuliza kila baada ya muda kama bado. Fundi huwa hayumo kwenye orodha. Bahati mbaya kwake, kila kasoro ina sura yake, na anayeijua sura hiyo hujua kosa lilifanyika wapi. Mara nyingi lilifanyika kabla bunduki haijashikwa.

Kasoro ya kwanza hujitokeza hata kabla ya tanuri: unga haushiki. Hupulizwa, hugusa chuma, kisha humwagika chini. Chanzo cha kawaida ni ethi mbovu, na chanzo cha ethi mbovu ni kulabu. Rangi ya unga ikishaiva haipitishi umeme, na kulabu iliyokwisha kuingia tanurini mara nyingi huwa imevaa koti la kila rangi iliyopita karakanani tangu ifunguliwe. Fundi asiyelijua hilo huongeza volti. Umeme uliokosa njia ya kushuka kupitia kulabu hutafuta njia nyingine, na iliyo karibu zaidi ni mkono wa fundi mwenyewe. Anaporuka na kutaja jina la mama yake, ukweli umeshajulikana: ethi ipo, ila ni yeye. Dawa yake ni kuikwangua kulabu kwa tupa mpaka chuma cheupe kionekane mahali inaposhikana na kifaa, kisha kupima. Ukinzani kutoka kwenye kifaa hadi ardhini usizidi megaomu 1.

Ya pili ni kona zilizobaki uchi. Pale fremu inapoungana na shingo ya usukani, au mikono ya rimu ya sporti inapokutana na habu, unga hukataa kuingia. Michael Faraday alionyesha mwaka 1836 kwamba chaji hukaa upande wa nje wa kasha la chuma, ndani pasiwe na nguvu ya umeme. Unga wenye chaji hufuata kanuni hiyo: hujazana kwenye kingo na kuikimbia kona. Anayepandisha volti ili kuulazimisha huzidi kunenepesha kingo. Kinachotakiwa ni kinyume chake, yaani kushusha volti kutoka kilovolti 70 au 80 hadi 40 hivi, kupunguza hewa ili unga usijipeperushe wenyewe, na kuanza na kona kabla ya sehemu za wazi. Wengi huanza na sehemu za wazi kwa sababu ndizo zinazopendeza kupulizia.

Kasoro ya tatu ni macho ya samaki: vidimbwi vya mviringo ambamo rangi imejitenga na chuma kinachungulia katikati. Huyu ni mtoto wa mafuta. Swingamu ya bodaboda imekula oili ya cheni kwa miaka, na karakana nyingi huiosha kwa dizeli. Kuosha kwa dizeli ni kuihamisha grisi kutoka mahali ilipokuwa na kuipeleka mahali ambapo haikuwapo. Chuma hung'aa, fundi huridhika, na tanuri huja kutoa ushahidi baadaye. Silikoni ni mbaya zaidi. Jirani akipulizia dawa ya kung'arisha tairi, mvuke wake unaweza kuvuka uzio na kutua kwenye fremu iliyokwisha kusafishwa.

Kipimo cha usafi hakina gharama. Chuma kilichooshwa kwa sabuni ya kukata mafuta humwagiwa maji safi, kisha hutazamwa. Maji yakitandaa kuwa utando mmoja usiokatika, chuma ni safi. Yakijikusanya matone matone na kukimbizana, bado kuna mafuta, hata kama fundi anaapa. Kompresa nayo hupimwa kwa kitambaa cheupe: bomba hufunguliwa, hewa huelekezwa kwenye kitambaa kwa dakika moja hivi, kisha kitambaa huangaliwa. Doa la kahawia au unyevu maana yake ni kwamba muda wote huo bunduki imekuwa ikichanganya unga na oili. Kilichobaki ni mikono. Kifaa kikishaoshwa hushikwa kwa glavu, kwa kuwa alama ya kidole ina jasho na mafuta, na mteja anayekigusa kuona kama kimekauka huacha sahihi yake chini ya rangi.

Vishimo vidogo kama vya sindano ni kesi nyingine, na washukiwa wake ni vyuma vya kusubu: kava za injini, habu na magamba ya breki. Alumini iliyomiminwa kwenye kalibu ina vitundu vingi ndani yake, navyo huficha hewa, maji na oili. Joto likipanda, vilivyojificha hutoka kupitia rangi iliyoanza kuyeyuka na kuacha tundu. Kuongeza rangi juu yake hakusaidii. Kifaa huingizwa kwanza tanurini kikiwa kitupu, kwenye joto linalozidi kidogo lile la kuivisha rangi, kikakaa mpaka kimalize kutoa kila kilicho tumboni, kikapoa, kikasafishwa tena, ndipo kikapuliziwa. Anayeruka hatua hii ili kuokoa saa moja hupoteza siku nzima ya kukwangua.

Tangi la mafuta lina siri yake pia. Tangi lililowahi kubonyea katika ajali huwa limejazwa puti na kupakwa rangi, na mwenyewe hulinunua akidhani halijawahi kuanguka. Puti ya kawaida haivumilii nyuzi 200. Huvimba, hupasuka na kubanduka, na historia yote ya ajali husomeka upya. Ndiyo maana tangi hukwanguliwa mpaka chuma kabla ya bei kupatanwa. Jambo lisilo la mzaha ni petroli: tangi lisilooshwa na kupungwa hewa kabisa, hata likionekana tupu, ni bomu ndani ya tanuri. Shokapu zenye gesi nazo haziingizwi kabisa.

Uso wenye mawimbi madogo kama ganda la chungwa hutokana kwanza na unene. Mteja husema, "Piga nzito, idumu," na fundi humridhisha. Unga ukizidi, chaji hujaa na kuanza kuusukuma unga unaokuja, uso ukaota vijidimbwi vya nyota, na ukiiva huwa na mawimbi. Rangi nyembamba mno nayo hukosa kujaa, ikatoka na mparuzo. Tanuri linalopanda joto kwa kujivuta, kama lile lililounganishwa kutokana na pipa na vipasha joto vichache, huufanya unga uanze kuganda kabla haujamaliza kutambaa. Kipima unene kinachogusishwa kwenye chuma humaliza ubishi, ila kwa kuwa kinahitaji kununuliwa, ubishi mara nyingi huendelea.

Vijichembe ni kasoro ya uchafu. Nyuzi za matambara, vumbi la msasa wa meza ya pili na unga mwekundu wa jana uliobaki kwenye mpira wa bunduki hujitokeza kwenye rimu nyeupe ya leo. Kazi za usiku huongeza wadudu: taa huwaita, unga huwapokea, tanuri huwahifadhi. Suluhisho ni kufagia mapema, kutenga chumba cha kupulizia, na kusafisha bunduki mpaka ndani kila rangi inapobadilishwa.

Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, unyevu huleta mambo mawili. Unga hushikana vidonge, bunduki ikawa inakohoa na kutema mabonge. Ufungwe vizuri, uwekwe pakavu na upepetwe kwenye chekeche kabla ya kutumika. Chuma kilichopigwa mchanga nacho kinaweza kuanza kutu ndani ya saa chache. Fremu iliyosafishwa Ijumaa jioni na kusubiri Jumatatu huvaa vumbi la rangi ya machungwa, na rangi ikipakwa juu yake hutoka kwa magamba msimu wa mvua ukifika. Rangi kwenye rimu zenye kromu hubanduka hata bila kutu: uso wa kromu ni laini mno, na kromu hiyo lazima iondolewe kwanza.

Kuiva ni hesabu inayokosewa kirahisi. Dakika 10 hadi 20 huhesabiwa tangu chuma kifike joto, si tangu mlango ufungwe. Stendi nene huchelewa kuliko kava nyembamba ingawa zimeingia pamoja. Rangi isiyoiva humeguka ikigongwa na kutoka inaposuguliwa kwa kitambaa chenye asetoni. Nyeupe iliyoiva kupita kiasi hugeuka rangi ya siagi. Unga wa epoksi ukiachwa juani hupauka na kutoa vumbi la chaki, kwa hiyo pikipiki hutakiwa ipakwe wa poliesta.

Kasoro ya mwisho ni rangi nzuri mahali pasipotakiwa. Nyuzi za nati, viti vya beringi na sehemu inayofungiwa waya wa ethi wa pikipiki huzibwa kwa vizibo vya silikoni au utepe unaohimili joto. Zisipozibwa, bolti hugoma na taa haziwaki, na fundi umeme hulipwa kutafuta tatizo la fundi rangi. Namba ya chesisi nayo ikipakwa nzito hujaa na kutosomeka. Hilo mwenye pikipiki huligundua mbele ya trafiki, mahali ambapo maelezo kuhusu mikroni hayana msaada.

Marekebisho hufuata chanzo. Kasoro ndogo hupigwa msasa namba 320, ikafutwa na kupuliziwa mara ya pili kwa volti za chini, kwa sababu rangi ya kwanza imeshakuwa kizuizi cha umeme. Kasoro iliyotoka chini, kama mafuta, kutu au kromu, haina njia ya mkato: rangi yote hutolewa. Anayetumia magadi makali ya kuondolea rangi akumbuke kwamba yanakula alumini vilevile, na habu inaweza kutoka safi ikiwa nusu.

Mwenye pikipiki hana haja ya kuyakariri yote haya. Kabla ya kulipa, aangalie mambo matatu: nati iingie kwa mkono bila kulazimishwa, kona za ndani ziwe na rangi, na namba ya chesisi isomeke. Moja likikosekana, pesa zibaki mfukoni mpaka kazi irudiwe.