Uso wa Pande Mbili

Jino langu halikuvunjwa na ngumi wala ajali ya bodaboda. Lilimalizwa na kashata ya ufuta. Ulikuwa msimu wenyewe, wakati ambao kila mtu huku kwetu Pande, Kilwa, ana deni na kila mwenye deni anangoja mnada wa ufuta. Niliuma mara moja, nikasikia "ta!", nikadhani ni sukari iliyoungua. Nilipotema kiganjani nikaona ufuta, nikaona sukari, na kipande cheupe ambacho mpishi hakukitia.

Nisiisingizie kashata. Gego hilo la chini, upande wa kulia, lilikuwa na tundu mwaka wa pili huo. Tundu lilianza dogo, la kuingia punje ya mchele, nikalizoea kama mtu anavyozoea paa linalovuja kwenye kona asiyolala. Safari hii lilivuja kitandani. Usiku ule nililala nimekaa, shavu limejaa kama nimeficha limau.

Kulipokucha nikagundua kwamba Pande haina upungufu wa waganga. Jirani alileta tumbaku. Shemeji alileta chumvi. Mke wangu alileta karafuu, na haki yake nimpe: karafuu ilituliza, maana mafuta yake yana ganzi, hata madaktari wa meno huyatumia. Shangazi peke yake ndiye aliyekuja mikono mitupu. Alikaa kwenye mkeka, akanitazama, akasema, "Mwanangu, dawa ya jino bovu ni kung'oa." Shangazi ana meno matatu. Nikaona huyu anasema kwa uzoefu.

Basi nikapanda bodaboda hadi barabara ya lami, nikadaka basi la kuelekea kaskazini, nikaenda kung'olewa. Daktari alikuwa binti mdogo, adabu imemjaa. Alisubiri niketi, nipanue kinywa, aingize kioo chake, ndipo akasema, "Shikamoo, baba." Nami nimelelewa pwani, salamu haiachwi hewani. Nikaitika marahaba na kioo kikiwa mdomoni, nusura nikimeze.

Akanichoma sindano, akaniacha ganzi iingie. Baada ya dakika chache akauliza kama mdomo umekuwa mzito. Nikamwambia bado. Akangoja. Akauliza tena. Bado. Ukweli ni kwamba mdomo ulikwisha kulala zamani. Aliyekuwa macho ni mwenye mdomo, anatafuta muda. Mara ya tatu alinichungulia kinywani kwa utulivu, kisha akasema, "Baba, hapa nimekuchoma kwa chuma mara mbili sasa, hujashtuka." Uongo wangu ukaishia hapo.

Nilidhani jino huvutwa kama muhogo shambani, kwa mguu mmoja kifuani mwa mgonjwa. Kumbe huyumbishwa. Alilikamata kwa koleo, akalisukuma nje, akalirudisha ndani, taratibu, kama mtu anayelegeza kigingi kilichogandamana na mchanga. Maumivu sikusikia. Nilichosikia ni sauti, na sauti ya mfupa wako mwenyewe haisikiki kwa masikio, inasikika kwa kichwa kizima. Mara akaniwekea mbele ya macho kitu chenye mizizi miwili, kikubwa kuliko nilivyodhani kinaweza kukaa kwenye kinywa changu.

"Ungekuja mapema tungeliziba," akasema. Akanieleza kwamba tundu dogo husafishwa kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme, kisha likazibwa. Njia hiyo ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu. Nikaona haya. Habari imetoka kwetu, imezunguka dunia, na mimi na tundu langu hatukuipata.

Masharti yalikuwa mafupi. Uma pamba nusu saa. Usitemeteme. Leo usisukutue. Vya moto acha. Na usile kitu mpaka ganzi iishe.

Wakati wa kurudi nilifika Nangurukuru kupanda basi nikiwa na njaa ya tangu usiku. Konda akaniuliza naenda wapi. Sasa, herufi "p" inahitaji midomo miwili, na mimi nilikuwa na mmoja na nusu.

"'Ande," nikasema.

"Wapi?"

"'Ande!"

"Pande gani, mzee?"

"Ehee! Hiyo hiyo!"

"Hiyo ipi? Nimekuuliza pande gani!"

Tulizunguka hapo mpaka abiria mmoja, mtu wa kwetu, akatuamua.

Kabla basi halijajaa, nikanunua wali na mchuzi wa pweza wa nazi. Najua nilichoambiwa. Lakini masharti ya daktari hayana harufu, na pweza wa nazi anayo. Nikala upande wa kushoto, kwa uangalifu, mchuzi ukinichuruzika kwenye shati bila mimi kuarifiwa. Pweza alikuwa laini, ila kipande kimoja kilikuwa kigumu ajabu. Nikakitafuna kwa bidii. Ganzi ilipoisha nikiwa juu ya bodaboda, ndipo nilipojua nilikuwa nikitafuna mdomo wangu wa chini.

Nyumbani, shangazi aliamuru maji ya chumvi papo hapo. Ningemkataliaje? Nikasukutua kwa nguvu zote, na damu ikaanza upya. Damu iliyoganda ndiyo kifuniko cha kidonda, na mimi nilikuwa nimekifunua kifuniko kabla chungu hakijaiva. Nikauma tena pamba, usiku kucha, kimya. Mke wangu alisema hajapata kulala vizuri namna ile tangu tuoane.

Siku ya nne nikajiona nimepona, nikaiendea ile kashata iliyobaki. Ufuta wa Kilwa hupita ghalani kwanza, ndipo hunadiwa. Punje moja ikaliona pengo langu, ikadhani ndiyo ghala lenyewe, ikaingia. Ilitoka kesho yake, kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu yaliyozungushwa polepole, kama nilivyotakiwa kufanya tangu siku ya pili.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Sisi watu wa Kilwa, ambao bandari zetu zilipitisha pembe za ndovu kwa karne nyingi, tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. Na shangazi yangu hakukosea: dawa ya jino bovu ni kung'oa. Ila la kwangu lilikuwa na miaka miwili mizima ya kutokuwa bovu kiasi hicho.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya huku ulimi wako unapapasa katundu fulani: nenda wiki hii likazibwe. Na ukichelewa ukang'olewa, pweza wa Nangurukuru mwache mpaka safari nyingine.