Namna ya Kuandika Maisha ya Komanda Aliyekuwa Mheshimiwa

Anza na kipando. Henry Lee wa Virginia, komanda wa vita vya uhuru wa Marekani aliyezaliwa 1756, alisifika kwa farasi wepesi hata wakampa jina la farasi hao. Wewe unayeandikia wasomaji wa Kirumba, Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, huna farasi, jeep itatosha. Ila usiishie kwenye rangi yake. Andika ilikuwa ya nani kabla ya kuchukuliwa, na mafuta yake yalitoka kwenye kodi ya bariyeri ipi.

Halafu vita. Agosti 1779 Lee alivamia ngome ya Waingereza ya Paulus Hook, na bunge la Marekani likampa medali ya dhahabu. Iandike medali, ni haki yake. Kisha geuza ukurasa hadi Februari 1781, North Carolina. Askari wake walivaa makoti ya kijani yaliyofanana na ya adui. Wanamgambo wa mfalme wa Uingereza, wengi wao wakulima wa hukohuko, wakadhani wenzao wamefika, wakawapisha barabarani. Karibu 90 wakauawa, wengi kwa panga. Sehemu hii usiifupishe. Msomaji wa Beni anaijua hofu ya kuona sare inakuja bila kujua aliyeivaa ni nani.

Sasa njoo nyumbani, umwandike Mbusa Nyamwisi. Vyeo vyake vitakumaliza wino: kiongozi wa kundi la waasi la RCD-K/ML, aliyekaa Beni na jeshi lake la APC, akiungwa mkono na Uganda, waziri mwaka 2003, waziri wa mambo ya nje 2007, mgombea urais 2011, waziri tena 2023. Ukiviorodhesha tu, umeandika tangazo la kampeni. Fanya hivi: kando ya kila cheo, weka yaliyowapata wananchi mwaka uleule. Mkataba wa amani wa Pretoria ulitiwa saini tarehe 17 Desemba 2002. Siku hizohizo watu wa Mambasa walikuwa njiani na watoto mgongoni, wakikimbilia Eringeti, Oicha na Beni kwa sababu ya askari wa makundi ya waasi ya MLC na RCD-N. Mkataba na safari ile ni maisha ya nchi moja. Mwandishi anayevitenga anamwibia msomaji.

Ukifika kwenye ugavana, taratibu. Lee alikuwa gavana wa Virginia mwaka 1794 alipoongoza jeshi la watu karibu 13,000 dhidi ya wakulima waliokataa kodi ya pombe. Sisi magavana wenye nyota begani tunao tangu Mei 2021, ilipotangazwa hali ya dharura ya kijeshi Kivu Kaskazini na Ituri. Ilianza kwa siku 30. Baadaye ikaongezwa siku 15 kwa siku 15, miaka ikapita, na mameya wa Beni na Butembo wakawa maofisa wa polisi. Mwishoni mwa Juni 2024 waasi wa M23 wakaichukua Kanyabayonga, kisha Kirumba yenyewe. Andika tarehe hizo jirani kabisa na tarehe za kula viapo. Ni aibu kwamba vitabu vyetu huziweka mbalimbali.

Deni nalo lisisahaulike. Lee alifungwa mwaka 1809 kwa kushindwa kulipa alichokopa, na humo gerezani akaandika kumbukumbu zake za vita, zikachapishwa 1812. Ni kitabu kinachosomwa hadi leo, lakini komanda anayejiandika huhesabu mapigano kuliko magunia. Magunia uyahesabu wewe. Nenda kwa mkulima wa kakao aliyeacha shamba likavunwa na wengine. Nenda kwa kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao, aliyesukuma mizigo ya jeshi bila malipo, na kwa yule aliyekuwa kadogo, askari mtoto, ambaye leo ana watoto na hapendi kuulizwa. Huyo usimlazimishe. Kaa naye, siku akitaka atasema.

Rasimu ikiwa tayari, mheshimiwa ataitaka kwanza, na atakutumia mtu mwenye bahasha. Mwambie asubiri. Isome kwanza kwa sauti mbele ya akina mama wa Eringeti, pale sokoni, wakati biashara imepoa. Mama mmoja akikukatiza na kusema haikuwa hivyo, acha kusoma, mwombe kiti, uchukue kalamu.