Jinsi ya Kumchagulia Programu Mtu Usiyemjua

Hongera, umepewa kazi ya kuamua programu zipi zije na mfumo endeshi wa kompyuta, zile ambazo mtu atazikuta akiwasha mashine kwa mara ya kwanza. Kazi hii ingestahili posho ya mazingira magumu. Ukitangaza tu orodha yako, utatukanwa na watu ambao hujawahi kuwakosea. Programu uliyoiacha itageuka ghafla kuwa ndiyo waliyokuwa wakiitegemea kila siku, na uliyoiweka itaitwa takataka. Vumilia, maana wengi hawabadilishi chochote: walichokikuta ndicho wanachokaa nacho mpaka mashine ife.

Anza kwa kuwaomba wapenzi wa kompyuta watoke nje kidogo. Ni watu wangu na nawapenda, lakini ukiwaomba programu moja ya kuandikia watakuletea nane, na mojawapo haifungiki mpaka usome maelekezo. Wao wanajua kupakua wakitakacho. Kiti chao mpe mhudumu wa steshenari.

Asubuhi moja kwenye kaunta yake ina mafunzo mengi kuliko kikao cha siku tatu. Mteja wa kwanza ana flashi yenye barua ya maombi ya kazi iliyoandikwa kwa Word. Ikifunguliwa kwenye programu nyingine, jedwali limehama na nafasi ya sahihi imerukia ukurasa wa pili, peke yake. Wa pili anataka picha yake ya pasipoti ipunguzwe ukubwa, kwa sababu tovuti ya maombi inaikataa. Wa tatu ana PDF nne anazotaka ziwe faili moja. Wa nne anataka kuchapisha tu, na printa haionekani. Orodha yako ikiwahudumia hawa wanne bila kumtuma yeyote akapakue kitu, sehemu ngumu umeimaliza.

Kisha jiwekee kikomo cha ukubwa. Waliounda Ubuntu, mfumo endeshi uliotoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, walijifunga kwa CD moja: megabaiti 700 hivi, na kwa kila kazi programu moja. Mpaka mwaka 2011 CD hizo zilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, popote alipo. Kwa mtu aliyekuwa akilipia intaneti kwa saa kwenye kafe, kilichokuwemo kwenye CD ndicho alichokuwa nacho, na kisichokuwemo alikisikia tu kwa wenzake.

Kikomo kile kiliwalazimisha kubishana, na ubishi wao una faida mpaka leo. Novemba 2009 waliamua kuiondoa GIMP, programu kubwa ya kuhariri picha, kuanzia toleo la 10.04 la Aprili 2010. Kelele zilikuwa nyingi. Hoja yao ilikuwa kwamba mtumiaji wa kawaida anataka kukata ukingo wa picha na kuondoa wekundu wa macho, na kwa kazi hiyo GIMP ni nzito, ina madirisha mengi na inakula nafasi. Mimi naitumia GIMP, na bado nasema waliamua sawa. Walikoteleza ni kwenye mbadala. Kazi waliipa F-Spot, ambayo haikuimudu vizuri, na toleo lililofuata, 10.10, likaja na Shotwell mahali pake. Kwa hiyo kabla hujaondoa programu, mkalishe mtu mbele ya ile inayobaki, umpe picha ya pasipoti, kisha unyamaze umwangalie. Akianza kukutazama wewe badala ya kioo, bado hujawa tayari kuondoa kitu.

Toleo la 12.10 lilipita ukubwa wa CD, na tangu hapo mizigo ikaongezeka. Baadaye upepo ukageuka: katika toleo la 23.10, la Oktoba 2023, usakinishaji unaopendekezwa una kivinjari na zana chache tu, na ule kamili ni wa kuchagua. Wenye intaneti ya kasi walifurahi. Mimi inanisikitisha. Mtu anayebonyeza "endelea" bila kusoma, na ndivyo watu wengi wanavyosakinisha, anamaliza akiwa hana pa kuandikia barua, kisha anatumia bando lake kupakua kitu ambacho kingeweza kuja chenyewe. Kuacha wazi si kumheshimu. Ni kumpelekea bili.

Ataingia pia mtu wa fedha. Mwaka 2011 Ubuntu ilichukua kicheza muziki cha Banshee, ambacho watengenezaji wake walikuwa wakipeleka mapato yote ya duka lake la Amazon kwa taasisi ya mradi wa programu huria wa GNOME. Canonical, kampuni ya Ubuntu, ikajitengea asilimia 75. Mwaka uliofuata, utafutaji wa faili kwenye kompyuta ya mtu ulianza kuleta bidhaa za Amazon, na ilichukua mpaka 2016 kabla ya jambo hilo kuzimwa kwenye mipangilio ya kuanzia. Kwenye hili usilegee hata kidogo: anayetafuta barua ya mama yake asioneshwe viatu.

Kivinjari kitakuletea wanasheria. Mwaka 2013 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 561 kwa sababu ukurasa wa kuwachagulisha watu kivinjari, ambao kampuni ilikuwa imeahidi, ulikuwa umetoweka kwenye baadhi ya Windows 7. Ukiahidi, timiza.

Usisahau kamusi ya tahajia, nami hapa nina wivu wa wazi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, tangu 2004, kwa hiyo hakuna wa kusema haiwezekani. Lakini fungua mashine nyingi leo, andika "Ndugu Mwenyekiti, nawasilisha taarifa", na kila neno linachorewa mstari mwekundu kana kwamba lugha nzima ni kosa. Ubaya wake unaonekana baadaye: ukiandika "tarifa" kwa bahati mbaya, kosa la kweli limejificha katikati ya wekundu wote ule, na barua inakwenda hivyo hivyo. Faili ya kamusi ni ndogo kuliko picha ya ukutani uliyoiweka kwa madaha. Ondoa picha moja, weka kamusi.

Mwisho, weka mchezo wa karata, hata wakubwa wakinung'unika kuhusu saa za kazi. Solitaire ilikuja na Windows 3.0 mwaka 1990, na watu wengi mkono wao ulizoea kuburuta kwa kipanya juu ya karata zile. Anayeshika kipanya kwa mara ya kwanza anahitaji mahali ambapo akikosea hakuna faili ya mtu inayofutika.